Kashata na Mwezi Uliosingiziwa

Miaka ile taa za karabai zilipokuwa bado ngeni pwani yetu, kijiji cha Mlingotini kilikuwa na siku zake za hasira. Hazikuwa siku za msiba, wala za ugonjwa. Zilikuwa siku za mwezi mpevu.

Siku hizo wavuvi wa dagaa hawakwenda baharini. Na mwanamume aliyezoea kulala mchana na kufanya kazi usiku, akishinda nyumbani bila kazi, kila kitu humkera: kuku akipita, mtoto akicheka, mke akisugua sufuria kwa mchanga. Kisimani nako wanawake walinyang'anyana ndoo na kukumbushana maneno ya mwaka juzi. Hata paka walipigana juu ya mapaa ya makuti mpaka vumbi likaangukia vyakula vya watu.

"Mwezi huo," watu walisema, wakaridhika na jibu hilo.

Mwaija alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Aliishi na mama yake, Bi Fatu, na mjomba wake, Kibwana, ambaye alikuwa mvuvi wa dagaa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Mwaija alifagia uwanja, akateka maji, kisha akampa paka wake chakula. Paka huyo aliitwa Kashata. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya sukari iliyoungua, na juu yake alikuwa na madoa meupe kama machicha ya nazi. Mwaija alimwomba mama yake amruhusu kumfuga tangu paka huyo akiwa mdogo hajafumbua macho vizuri, na mama alikubali kwa sharti moja.

"Chakula chake juu yako," alimwambia. "Siku za giza dagaa ni wengi, atajiokotea vichwa mwenyewe kwenye vichanja vya kuanikia. Lakini siku za mwezi hakuna cha kuokota. Siku hizo utampa wewe, asubuhi na jioni. Dagaa wake nitakuwekea akiba kwenye kopo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kopo la dagaa wakavu lilikaa jikoni, juu ya kinu kibovu, na chombo cha kulia Kashata kilikuwa kifuu cha nazi kilichowekwa nje karibu na mlango wa uani.

Asubuhi moja ya siku za mwezi mpevu, mama aliuliza akiwa ndani, "Kashata umempa?"

"Nimempa," Mwaija akajibu.

Kifuu kilikuwa kikavu. Sisimizi walikuwa wakizunguka ndani yake, hawakuona kitu, wakatoka. Dagaa wa Kashata walikuwa ndani ya mkoba wa ukili wa Mwaija, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Njiani Mwaija na rafiki yake Dija waliwala pamoja na embe bichi, chumvi na pilipili, kama walivyofanya jana, na juzi pia. Walikuwa watamu kwelikweli. Dija alilamba vidole akauliza, "Na paka wako anakula nini?"

"Paka hakosi," alisema Mwaija. "Atakamata panya."

Kashata alikuwa amewafuata mpaka mwisho wa uwanja, akilia kwa sauti nyembamba. Kisha akarudi.

*

Aliporudi kutoka shule, Mwaija alisikia makelele kabla hajaiona nyumba yao. Watu walikuwa wamejaa uani. Katikati alisimama jirani yao, Bi Sihaba, amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kutwanga. Kwa mkono mmoja alimshika binti yake mdogo, Chausiku, mwenye mikwaruzo mirefu mkononi. Kwa mkono wa pili alinyanyua pweza aliyeng'atwa nusu.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yalikuwa yametoka mbali, na tangu asubuhi Bi Sihaba alikuwa mwambani akichokoa pweza kwenye mashimo kwa kijiti, jua likimchoma mgongo. Alipata wawili wadogo na mmoja mkubwa. Alimpiga juu ya jiwe mpaka akalainika, akamtanua kwa vijiti, akamtundika kwenye kamba akauke. Alimweka kwa ajili ya wakwe zake waliokuwa wanakuja kutoka Mkange.

"Mwangalie," alisema Bi Sihaba. "Mwangalie, Fatu. Wakwe zangu niwape nini sasa? Niwape hii mikia? Niwaambie nusu kala paka wa jirani?"

"Nisamehe, shoga," alisema mama yake Mwaija. "Na mtoto je? Mkono umeuosha?"

"Nimeuosha kwa maji ya moto na sabuni. Mkono utapona. Mimi hasira yangu ndiyo haiponi. Mtoto kamwona anamvuta pweza, kamshika upande wa pili, basi paka wako kamrukia. Kamrukia mtoto, Fatu. Macho yamemtoka kama taa."

Mwaija alipenya katikati ya watu.

"Kashata hajawahi kumparura mtu," alisema.

"Basi mkono huu nimeuparura mimi," alijibu Bi Sihaba. "Nina kucha ndefu, eti."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimwudhi Mwaija kuliko maneno. Alitazama huku na huku akitafuta neno la kuwanyamazisha, na neno lilikuwa karibu, kila mtu kijijini alikuwa nalo mdomoni.

"Si kosa lake," alisema. "Ni mwezi. Nyote mnajua mwezi ukiwa mpevu paka wanageuka. Kashata ameshikwa na mwezi."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mzee Mwinshehe, aliyekuwa akisafirisha chumvi kwa punda, alisema punda wake naye hakumpa raha tangu jana, anapiga mateke ovyo. Mwanamke mmoja alisema paka wake alikuwa amekula vifaranga vya nyumbani, vile alivyozoea kulala navyo pamoja. Mwingine alisema mbwa wa kufukuza nguruwe mashambani walikuwa wanalia kama watu. Mwaija alipumua. Alidhani amemwokoa paka wake.

Lakini Bi Sihaba alishusha pweza wake, akamtazama Mwaija kwa utulivu.

"Vizuri umesema mwenyewe," alisema. "Maana angekuwa mwizi tu, ningemchapa fimbo moja akajifunza. Mwenye wazimu wa mwezi utamfanya nini? Mwezi huu utapungua, na mwingine utakuja, na mwingine. Leo kaparura mkono. Mwezi ujao jicho. Fatu, mimi sitaki ugomvi na wewe. Nataka paka huyu aondoke."

Hakuna aliyemtetea Kashata. Waliokubali kwamba ni mwezi walikubali na hilo pia. Mzee Mwinshehe alisema kesho baada ya sala ya alfajiri atakwenda Mkange kununua mahindi, na kwamba anaweza kumbeba, amwache huko mbele njiani, porini.

"Porini kuna chui," alisema Mwaija.

"Chui naye ni paka," alisema mzee. "Watajuana."

Mama yake Mwaija aliutazama mkono wa Chausiku. Kisha akasema, "Haya. Mtoto wa mtu amekwishaumia. Siwezi kufuga hatari." Akaenda kumchukua Kashata aliyekuwa amejificha nyuma ya kinu, akamwingiza kwenye tenga la kuku, akaweka jiwe juu.

*

Mwaija alikuwa na hasira kiasi kwamba hakujua aielekeze wapi. Alipiga teke ndoo tupu ikabingirika mpaka kwenye mchicha. Alimkasirikia Bi Sihaba na pweza wake. Alimkasirikia Mzee Mwinshehe kwa mzaha wake wa chui. Alimkasirikia mama, aliyeweka jiwe bila hata kumtazama yeye mwanawe.

Dija alikuja akamkuta amekaa kando ya tenga. Alikaa naye, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwaija, lakini dagaa tulikula sisi."

"Nyamaza."

"Mwambie mama yako. Huenda..."

"Nimekwambia nyamaza. Wewe si ulilamba vidole? Nenda kwenu."

Dija aliinuka, akakung'uta gauni lake. "Mimi naenda," alisema. "Lakini mimi sina paka tengani." Akaondoka bila kugeuka.

Upande wa pili wa uwanja mjomba Kibwana alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, anafuta kioo cha karabai yake. Kioo kilikuwa kisafi tangu asubuhi. Alikuwa akikifuta tu.

"Hiyo ndoo ni ya babu yako unayoipiga teke?" alifoka.

Siku nyingine Mwaija angeomba radhi. Leo hasira yake ilikuwa na ukubwa sawa na ya mjomba.

"Hata wewe umeshikwa na mwezi," alisema. "Tangu juzi unafoka tu. Na wewe tukutie tengani."

Kibwana alisita, kitambaa kikiwa mkononi. Mwaija alingoja kofi. Badala yake mjomba alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Njoo hapa," alisema. "Kaa. Unadhani mwezi umeniingia kichwani?"

"Watu ndivyo wanavyosema."

"Watu wanasema kwa sababu kusema ni rahisi. Sikiliza. Dagaa hufuata taa. Usiku wa giza nikiwasha karabai hii, wanakuja kama watu waliosikia ngoma. Lakini usiku wa mwezi bahari nzima ina taa. Yangu ni nini? Ni kama kuwasha kijinga cha moto mchana. Dagaa hawaji. Wasipokuja, sina cha kuuza, sina cha kula. Nakunywa uji mwepesi asubuhi mpaka jioni, tena nakaa bure. Nikikaa na njaa, nakufokea hata wewe usiye na kosa. Mwezi haujanigusa kichwa, Mwaija. Umenigusa tumbo."

Alikiweka kioo chini taratibu.

"Nipe samaki mmoja wa kupaka nazi," alisema, "uone kama nitafoka."

Mwaija aligeuka. Alilitazama tenga. Kashata alikuwa ameingiza mkono wake kwenye tundu, anakwangua ardhi palipoanguka punje moja ya wali mkavu. Mkono ulikuwa mwembamba. Mwaija alimshika paka huyu kila siku, lakini hakuwa ameona jinsi mkono ule ulivyokonda.

Siku za giza vichanja vilijaa vichwa vya dagaa na paka wote wa Mlingotini walilala kivulini wameshiba. Siku za mwezi vichanja vilikuwa vitupu, na paka walipigana juu ya mapaa. Wengine huenda hawakuwa na mtu wa kuwalisha. Kashata alikuwa naye. Alikuwa na kopo lake na kifuu chake.

Hasira yake, iliyokuwa ikizunguka uwanjani tangu mchana ikitafuta pa kutua, sasa ilipata mahali. Ilimtua yeye mwenyewe, na ilikuwa chungu kuliko alipokuwa amewabebesha wengine.

*

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha na mwezi ulikuwa unapanda, mkubwa na mwekundu kama sinia la shaba, Mwaija alipokwenda kwa mama yake. Bi Sihaba alikuwapo pia. Alikuwa amekuja kuhakikisha paka hajafunguliwa.

"Mama," alisema Mwaija, "Kashata hakushikwa na mwezi. Ameshikwa na njaa. Dagaa wake sikumpa. Leo sikumpa, na jana, na juzi. Nilikuwa nawachukua nakula na embe. Na wewe ukiniuliza nasema nimempa."

Mama yake alikuwa anakuna nazi. Alisimamisha mkono. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Mwaija zaidi.

"Kila nilipokuuliza?"

"Kila uliponiuliza."

"Na mchana mbele ya watu ukasema ni mwezi."

"Ndiyo, mama."

"Paka asiye na kosa, nimemfunga mimi kwa mkono wangu," alisema mama polepole. "Nimemhukumu kiumbe wa Mungu kwa uongo wa mtoto niliyemzaa."

Bi Sihaba alicheka kwa puani. "Ujanja huo," alisema. "Mchana ni mwezi, jioni ni njaa. Kesho atasema ni upepo. Anataka kumwokoa paka wake, basi."

"Nataka kumwokoa, ni kweli," alisema Mwaija. "Bi Sihaba, mwezi si huo hapo juu? Ni ule ule wa jana. Nitampa Kashata chakula changu cha usiku, ashibe. Kisha tumfungue pale kwako, chini ya kamba yako yenye pweza wengine. Kama ni mwezi, atawarukia. Kama ni njaa, atawaacha."

"Na akiwarukia?"

Mwaija aligeuka akalitazama tenga. "Aende na Mzee Mwinshehe."

Bi Sihaba alimtazama mama mtu. Bi Fatu akasema, "Mimi sina neno. Mtoto kasema mwenyewe."

Mwaija alichukua sahani yake, ugali na kipande cha changu alichokuwa ametengewa, kipande pekee cha samaki kilichokuwamo nyumbani. Alichambua miiba, akakanda ugali kwa mchuzi, akausukumia ndani ya tenga. Kashata alikula huku akinguruma, hata hakutafuna. Alipomaliza aliilamba sahani mpaka ikasogea. Tumbo la Mwaija nalo lilinguruma, na mjomba Kibwana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alilisikia.

Walibeba tenga mpaka uani kwa Bi Sihaba. Mwanga wa mwezi ulikuwa umejaa, mtu angeweza kuhesabu makuti ya paa. Pweza wawili wadogo walining'inia kwenye kamba, si juu sana. Bi Sihaba alikaa kwenye jamvi na Chausiku mapajani, fimbo kando yake. Mama akaondoa jiwe.

Kashata alitoka. Alijinyoosha. Aliutazama mwezi, au labda alikuwa anaangalia popo. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka chini ya kamba.

Bi Sihaba alishika fimbo. Mwaija alifumba macho, akaona afadhali aone, akafumbua.

Kashata aliinua pua, akawanusa pweza. Alijisugua kwenye nguzo, upande huu, upande ule. Kisha akaketi, akaanza kulamba mguu wake kama mtu aliye na wakati mwingi. Alipomaliza mguu alilamba wa pili. Nyuma ya nyumba paka wengine walikuwa wanagombana kwa sauti mbaya. Yeye aligeuza sikio moja tu. Mwishowe alikuja polepole mpaka kwenye jamvi. Chausiku alirudisha mkono nyuma. Kashata akajikunja kwenye pindo la kanga ya Bi Sihaba, mwezi ukimmulika mgongo wote, akalala.

Bi Sihaba alimtazama akilala.

"Kachagua pazuri, mshenzi huyu," alisema Bi Sihaba. Aliiweka fimbo chini, ingawa uso wake ulikuwa bado umekunjamana. "Haya, ni njaa. Nimeona kwa macho yangu. Lakini pweza wangu hakurudi kwa kuona."

"Nitakutafutia mwingine," alisema Mwaija. "Bamvua bado lipo. Nitakwenda na wewe mwambani."

"Utakwenda Jumamosi na Jumapili. Na kijiti utabeba wewe, na kapu utabeba wewe. Na ukichomwa na miiba ya huko, usinililie."

Mwaija alimgeukia Chausiku, akachuchumaa mbele yake. "Nisamehe, mdogo wangu. Aliyekuparura ni Kashata, lakini aliyemtuma ni mimi."

Chausiku alifikiri. "Kaniparura sana," alisema. "Lakini mkia wake mzuri."

*

Alfajiri Mzee Mwinshehe alipita na punda wake akaulizia mzigo. Aliambiwa mzigo hauendi. Alinywa kahawa kikombe kimoja, na Mwaija alimwona akimlisha yule punda mkorofi pumba mkononi kabla ya kumbebesha. Punda hakupiga teke.

Usiku wa kuamkia alfajiri hiyo, kabla ya kulala, mama alikuwa amemwita Mwaija akae karibu yake. Hasira yake ilikuwa bado haijaisha, na hakuificha.

"Mwanangu, dagaa nitakusamehe," alisema. "Mtoto huona tamu akala. Lakini nitakwambia kilichonikera. Ulichukua kosa lako ukalitupia mwezi. Unajua kwa nini watu wanapenda kuusingizia mwezi? Kwa sababu uko mbali, na hausemi. Hauwezi kuja hapa barazani ukajitetea. Ukishaubebesha kosa, wewe huna la kurekebisha, unakaa tu ukingoja upungue. Na aliyetaka kufa kwa sababu hiyo ni paka, ambaye naye hana mdomo wa kujitetea. Kosa lako lishike mwenyewe. Ukilishika, utaona la kufanya. Jioni umelishika, na umeona la kufanya. Hivyo ndivyo ninavyotaka."

Tangu siku hiyo Mwaija alimlisha Kashata asubuhi na jioni. Alikwenda mwambani na Bi Sihaba, akachomwa na jua, akachokoa pweza ambaye hakuwa mkubwa kama yule wa kwanza, na Bi Sihaba hakuacha kulisema hilo. Alimwomba radhi Dija pia, na Dija alimfanya aombe mara mbili.

Lakini mama hakumwuliza tena kama amempa paka chakula. Kila asubuhi alitoka mwenyewe mpaka mlango wa uani, akainama, akakitazama kifuu. Mwaija alimwona akiinama hivyo kila siku, na ilimuuma kuliko kuchapwa.

Giza likaja, dagaa wakaja, mjomba Kibwana akawa anaimba. Kisha giza likaisha, mwezi ukaanza kujaa tena juu ya Mlingotini, na watu wakaanza kufokeana kisimani. Asubuhi moja Mwaija alikuwa anajiandaa kwenda shule, mkoba wake hauna kitu ila vitabu, aliposikia sauti ya mama kutoka jikoni. Mama hakuwa ametoka nje. Alikuwa anachochea moto, mgongo wake umeelekea mlangoni.

"Mwaija, Kashata umempa?"

Mwaija alisimama. Alihisi kitu kimemtoka kifuani, kikubwa kama lile jiwe la juu ya tenga.

"Nimempa, mama," alisema.

Mama aliendelea kuchochea moto.